Safu ya Ushauri: Katoni tatu za visukuku ziko chini ya meza yangu ya darasani

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri wetu, pokea salamu kutoka Turkana Magharibi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kilifi, na huu ni mwaka wangu wa nne huku. Jina la shule na la kijiji sitayataja, nawe naomba unisitiri.

Nilipofika nilikuta watoto wanaotambua mbuzi wa kila jirani kwa mlio wa kengele, lakini kitabuni hawaoni chochote cha kwao. Tulipofikia mada ya binadamu wa kale, msichana mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, mawe kama hayo ya kwenye picha yako mengi kule laga." Jumamosi yake tukaenda kwenye laga hiyo, yaani mkondo wa mto wa msimu, na kweli yako. Hapo ndipo kilipozaliwa chama chetu cha historia. Watoto thelathini na kitu, kila Jumamosi alfajiri kabla jua halijawa kali, tunafuata ukingo wa laga. Anayeona kitu anaita, mimi nakitia mkobani.

Leo katoni tatu zimejaa. Nimehesabu vitu 46: zana za mawe 19, vipande vya mifupa iliyogeuka mawe 22, vipande vya mti uliogeuka jiwe 4, na taya moja. Taya hilo aliliokota mvulana wa Gredi ya 5 mwezi wa Mei, baada ya mvua. Ni la upande mmoja tu, urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya buni zilizokaangwa, na magego matatu bado yanang'aa. Ukilishika unashangaa uzito wake. Lilivunjika mkobani mara mbili, nikaliunga kwa supa glu. Mifupa mingine niliiosha kwa maji na mswaki. Miwili ikafumuka mikononi mwangu kama biskuti kwenye chai. Kila kitu nimekiandika nambari kwa maka pen nyekundu, kwa utaratibu wa kupatikana. Mahali sikuandika. Daftari lina tarehe, na maneno kama "laga ya chini" au "karibu na mgunga mkubwa".

Muhula uliopita dereva mmoja anayebeba wageni alipumzika shuleni kwetu. Mwalimu mkuu akamwonyesha katoni kwa fahari. Dereva akapiga picha, akasema kuna mtu wake atakayetoa shilingi 15,000 kwa taya peke yake. Tangi letu la maji limepasuka tangu Januari na watoto wanakuja shuleni na jerikeni. Mwalimu mkuu ananiuliza, "Mawe yamejaa huko nje, moja likituletea tangi kuna ubaya gani?"

Usiku ule nilianza kusoma sheria kwenye simu, na tangu hapo usingizi umeniruka. Naona hata kuokota juu ya ardhi bila kibali ni kosa. Babake yule mvulana, mzee anayeheshimiwa sana hapa, nilimdokezea kwamba huenda nikaandikia Nairobi. Akanijibu, "Vitu vyetu vikishaenda Nairobi haviji tena. Rudisha ulikovitoa." Na kuna jingine linanichoma. Jino moja kubwa, nje ya hayo 46, nilimpelekea dada yangu Mombasa kama zawadi. Shemeji anafanya kazi Muscat, anaondoka mwezi ujao, na dada anataka aende nalo akalitie fedha liwe kidani.

Mshauri, sikuchimba hata shimo moja. Hatukuingia mbuga ya kitaifa, hapana ua wala kibao, ni ardhi ya wote. Mara nafikiria kwenda laga usiku nikavimwage vyote yaishe. Mara nafikiria kuripoti, kisha namkumbuka mama na wadogo zangu wawili ninaowalipia karo. Mara nasema ninyamaze tu. Je, mimi ni mwizi? Na watoto hawa nimewafanya nini?

Mwalimu wa Jumamosi

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Umeandika mambo manne ukayafunga fundo moja: vitu vilivyo katonini, kazi yako, watoto, na jamii iliyokupokea. Ukiyavuta yote kwa mpigo fundo litazidi kukaza, kwa hiyo tulifungue uzi mmoja mmoja.

Neno mwizi umelitumia mwenyewe. Mtu aliyetunza daftari la tarehe, akahesabu hadi kipande cha mwisho, na hajauza hata kimoja ilhali shule yake haina tangi, mimi neno hilo simvishi. Lakini kupenda kitu hakukufanyi uwe na ruhusa ya kukichukua, na nadhani hilo ndilo linalokuamsha usiku.

Nianze na hoja yako ya ardhi ya wote, maana nahisi umeiegemea sana. Katiba ya 2010 inagawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na serikali ya kaunti huishika kwa amana kwa niaba ya wenyewe. Kwa malisho, kuni na visima tofauti hizo ni kubwa. Kwa taya lako hazibadilishi kitu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema mambo ya kale yaliyomo ardhini ni mali ya Serikali, hata kama shamba lina hatimiliki ya mtu. Inahesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, pamoja na mabaki ya binadamu, wanyama na mimea ya umri huo au zaidi. Ndiyo maana hata vile vipande vinne vya mti vimo. Ua na kibao huhusu mbuga kama Sibiloi, upande wa pili wa ziwa. Kisukuku hakihitaji kibao ili kilindwe.

Na kuhusu kutochimba: leseni ya utafiti ambayo sheria inaitaka inagusa kuchimba na pia kutafuta juu ya ardhi. Aliyegundua kitu kwa bahati anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa, taasisi ya Serikali inayotunza mambo ya kale, ndani ya siku 7, aeleze mahali hasa na jinsi alivyokipata, na kitu chenyewe kifike mikononi mwao. Wakati huohuo sheria inazuia kukisogeza kiholela kutoka kilipoonekana. Ukiviweka vifungu hivyo pamoja, maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: kiache kilipo, piga picha, arifu, na wao wakuelekeze. Siku 7 zako zimepita zamani. Hata hivyo kutochimba kwako kuna uzito ambao usiudharau. Hukukata tabaka la udongo wala hukuchanganya la juu na la chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya habari ya eneo lile bado iko palepale.

Pengine utauliza kwa nini sheria inahangaika na mawe yaliyolala juu, yanayokanyagwa na mbuzi kila siku. Mwaka 1984, huko huko Turkana Magharibi, Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa visukuku, alikuwa akitembea kando ya laga ya Nariokotome. Mtu huyo shuleni hakuvuka msingi, lakini macho yake yaliheshimiwa na maprofesa dunia nzima. Kati ya kokoto nyeusi akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, ukubwa wa kiberiti. Hakukitia mfukoni akaenda zake. Mahali paliwekwa alama, mchanga ukachekechwa, kazi ikaendelea hata baada ya msimu ule, na kilichotoka ni mifupa karibu yote ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Rejesta inamwita KNM-WT 15000. KNM ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, WT ni Turkana Magharibi. Yaani hata jina lake lina mahali ndani yake. Kipande kile cha kiberiti kingeokotwa Jumamosi moja na kuwekwa chini ya meza, hakuna ambaye angejua pa kuchimba.

Lomekwi, nako Turkana Magharibi, ni hivyohivyo. Mwaka 2011 watafiti waliopotea njia walikuwa na mwenyeji Mturkana, Sammy Lokorodi, aliyesaidia kuyaona mawe yaliyochongwa yakiwa juu ya ardhi. Mawe ya juu peke yake yasingetosha. Umri wa miaka milioni 3.3 ulikubalika kwa sababu mengine yalikutwa bado yamekwama kwenye tabaka lake, na wataalamu wakaweza kulioanisha tabaka hilo na majivu ya volkano ya eneo lile, ambayo umri wake hupimika. Hatua chache juu au chini ya mteremko zinaweza kuwa maelfu mengi ya miaka.

Sasa unaona kwa nini wazo la kwenda usiku kuvimwaga linanitia hofu kuliko yote uliyoyataja. Nalielewa, ni wazo la mtu anayetaka kutengeneza alichoharibu. Lakini utavirudisha wapi? Daftari linasema "laga ya chini". Jino la ukingo mmoja likimwagwa ukingo wa pili, kesho mtafiti atalikuta juu ya tabaka lisilo lake na litamdanganya. Akiona wino mwekundu na gundi atajua vimechezewa, naye atalazimika kutilia shaka hata vile ambavyo hamkuvigusa. Mzee anaposema rudisha ulikovitoa anasema neno la haki, ila kwa vingi kati ya 46 ulikovitoa hapajulikani tena. Vichache ambavyo mahali pake panajulikana, Makavazi ndio waamue.

Kunyamaza nako unakupima kana kwamba ni siri yako peke yako. Watoto thelathini na kitu wanajua, mwalimu mkuu anajua, na dereva ana picha, ambayo simu yake huenda imeihifadhi pamoja na mahali ilipopigwa. Isitoshe, nusu ya pili ya taya huenda bado iko kwenye ule mteremko. Mvua iliyoifunua ile ya kwanza ndiyo itakayoisomba hiyo ya pili.

Kuhusu kuuza sitazungukazunguka. Biashara ya mambo ya kale ina leseni yake, na hata mwenye leseni hawezi kuuziwa na wewe mali ambayo si yako. Leo hadithi yako ni ya mwalimu ambaye hakujua. Siku pesa ikipokelewa itakuwa ya mtu aliyejua akauza, na hakuna wakili atakayeirudisha ilivyokuwa. Linaloniumiza zaidi ni hili: mnunuzi akipata taya hatarudi kwako tena. Atakwenda moja kwa moja kwa watoto, mia mbili kwa jino, mia tano kwa fuvu, na hao hawatatembea ukingoni wakiita. Watachimba kwa sululu. Mwalimu mkuu simwoni kuwa mtu mbaya. Ana watoto wenye kiu, na pengine hajui tu. Kaa naye, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na ombi la tangi mliandike pamoja kwa hazina ya maendeleo ya eneobunge na kwa kaunti, mkiambatisha picha ya lile lililopasuka.

Inabaki kuripoti. Sitakuahidi kwamba haina maumivu. Kosa lipo, adhabu ipo, na mwajiri wako anaweza kuuliza maswali. Barua utakayoandika ni ungamo lenye sahihi yako. Ndiyo maana kabla ya kuituma ningependa wakili aisome. Kama uwezo hauruhusu, ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Upande wa pili wa mizani ni kwamba anayejitokeza mwenyewe, vitu vikiwa vyote na rekodi ikiwa safi, anaingia mlangoni tofauti na anayefuatwa. Unaweza kuandika peke yako, au pamoja na mwalimu mkuu, au mkapitia kwa chifu mzee akiwepo. Ukiandika peke yako unawakinga wenzako lakini unabeba mzigo wote. Mkiandika pamoja mzigo unagawanyika, ila itabidi mwalimu mkuu naye akubali kutaja yule dereva. Ukipitia kwa chifu jamii inahusika mapema, lakini habari inaweza kufika sokoni kabla haijafika Nairobi. Wewe ndiwe unayewajua watu hawa.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Kwa mfano: "Mimi ni mwalimu katika eneo hili. Kuanzia mwezi na mwaka huu hadi huu, mimi na wanafunzi tuliokota vitu 47 juu ya ardhi, bila kuchimba na bila kujua kwamba kibali kinahitajika. Vitu 46 viko shuleni na kimoja kiko Mombasa. Hakuna kilichouzwa. Baadhi vilioshwa na kimoja kimeungwa kwa gundi. Naambatisha orodha na picha, na naomba maelekezo ya kuvikabidhi." Majina ya watoto yasiwemo, mtu mzima ulikuwa wewe. Iandikwe kwa Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, ubaki na nakala yenye tarehe. Kama Lodwar ni karibu nawe, kituo cha Taasisi ya Bonde la Turkana kilichoko Turkwel hufanya kazi na Makavazi na wanaweza kukuonyesha mlango sahihi, lakini mwenye mamlaka ya kupokea ni Makavazi.

Wakati unaamua, yako mambo ambayo hayahitaji uamuzi na yanaweza kuanza leo jioni.

Usioshe tena kitu chochote. Mfupa uliokaa kwenye udongo wa mfinyanzi una udongo ule ndani ya nyufa zake. Ukilowa unavimba na kuupasua kutoka ndani, ndiyo maana ile miwili ilifumuka. Kusanya makombo yake hata yaliyo unga, yatie kwenye bahasha moja, uandike nje kilichotokea. Taya usijaribu kulibandua wala kulipaka kiondoa rangi ya kucha. Supa glu hukakamaa, hunasa uchafu kwenye mshono, na ikitolewa bila ujuzi hung'oa uso wa mfupa. Wataalamu hutumia gundi inayoyeyuka tena wakitaka, ili makosa yarekebishike. Andika tu gundi gani, lini, na mshono uko wapi. Maka pen ni hivyohivyo: wino umekwisha kunywewa na mfupa, uache.

Kisha andaa karatasi moja kwa kila kitu, ukiandika kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu hufifia na ukilowa husambaa. Weka nambari ileile nyekundu, tarehe, jina la aliyekiona, na mahali. Hapo kwenye mahali gawa mafungu matatu: panapojulikana, panapokisiwa, na pasipojulikana. Kishawishi kikubwa kitakuwa kujaza lile fungu la tatu ili orodha ipendeze. Usijaze. Neno "sijui" lina faida kwa mtafiti. Mahali pa kubuni panampoteza. Waulize watoto mmoja mmoja, kila mmoja faraghani, maana wakiwa kundi wa kwanza kusema huwajibia wote. Utashangaa wanavyokumbuka. Mtoto anayejua mbuzi kwa kengele hasahau jiwe aliliona chini ya mti gani.

Picha piga tatu kwa kila kitu, juu, chini na ubavuni, rula ikiwa kando, kwenye kivuli cheupe badala ya jua kali. Ufungashaji usiwe wa pamba, nyuzi zake hunasa kwenye meno. Karatasi laini ya chooni inatosha, kila kitu kikiwa peke yake, na trei za mayai kwa vile vidogo. Zana za mawe usizirundike juu ya mifupa. Pia zisigongane zenyewe kwa zenyewe; kingo zake huvunjika upya, na alama za kazi ya miaka hiyo yote hufutika. Katoni iondoke chini ya meza iende kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo uwe na watu wawili wanaojulikana.

Kama utakwenda kuonyeshwa mahali taya lilipopatikana, mwambie mwalimu mkuu kabla, nenda mara moja tu, mikono mitupu, na mkoba ubaki nyumbani. Simama pale dakika mbili tatu hadi ramani ya simu itulie, uandike nambari zenye tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya mwisho ni kama mita moja, ingawa simu yenyewe inaweza kukosea mita tano hadi kumi. Kwa hiyo ongeza picha nne, kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, na moja ya mteremko mzima ikionyesha mtoto amesimama palepale. Mkiona kipande kingine mkiache. Nambari hizo zisipite kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Jino la Mombasa lina saa yake. Kutoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali maalum, na shemeji yako atakuwa ndiye aliyeshika mkoba uwanjani, pengine bila kujua amebeba nini. Mpigie dada leo, kabla ya jambo lolote jingine. Mwambie aliweke kwenye kikopo chenye karatasi laini, asilipeleke kwa sonara, na asilirudishe kwako kwa basi. Fort Jesus iko chini ya Makavazi, na inawezekana wakamwambia alikabidhi hapo, ila likabidhiwe likiwa na karatasi inayosema limetoka katika kundi lako, la sivyo litakuwa jino lisilo na kwao. Dada atavunjika moyo. Zawadi kurudishwa inauma. Ni afadhali umwambie ukweli wote kuliko kutafuta kisingizio.

Rudi kwa mzee. Natamani usimchukulie kama kikwazo. Anachokisema ni kilio cha sehemu nyingi: vitu vinaondoka na wenyewe wanabaki na shimo. Kisukuku halisi kama cha Nariokotome huhifadhiwa Nairobi kwa sababu zinazoeleweka, chumba salama, joto lisilobadilika, wataalamu. Bado swali lake, sisi tunabaki na nini, ni swali halali, na halijibiwi kwa kufukia vitu gizani. Linaweza kuulizwa kwa maandishi, ndani ya barua yenu au kando yake. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la makavazi, na majengo na maeneo ya kale ya umuhimu wa kitaifa yakabaki kwa serikali kuu. Mzee, chifu na mwakilishi wa wadi wanaweza kuomba nakala za plasta au resini kwa ajili ya shule, jina la mahali liandikwe kwenye rekodi, na wataalamu waje wawaeleze wenyeji walichokiona. Sina hakika kwamba yote yatakubaliwa. Lakini mzee akisikia ombi lake limeandikwa kabla katoni hazijaondoka, huenda akawa wa kwanza kuzisindikiza.

Na watoto umewafanya nini? Umewafundisha kuona, jambo ambalo wengi hatulipati darasani. Kilichokosekana ni hatua inayofuata. Chama hakilazimiki kufa, ingawa matembezi ya kutafuta yasimame hadi mpate maelekezo ya Makavazi. Wanaweza kufinyanga udongo kwa kuiga zana mlizopiga picha. Wanaweza kuchonga mawe mapya wenyewe, wakiwa wamevaa miwani ya kukinga macho na turubai limetandikwa chini. Vigae vyote vikusanywe hadi cha mwisho, kwa kuwa vikitupwa laga vitafanana mno na vya kale na kumsumbua atakayekuja kutafiti. Waambie pia kilichotokea, kwa maneno yao, bila kuwatisha: kwamba mwalimu hakujua, sasa amejua, na anatengeneza. Nani awaambie, na lini, utaona wewe.

Yule mvulana wa Gredi ya 5 atauliza taya lake limekwenda wapi. Katika karatasi zako ipo nafasi ya jina la aliyeona. Zungumza na babake. Akiridhia, waombe Makavazi jina hilo liingie kwenye rekodi yao pia, kisha mwite mtoto aje aliandike kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli, kabla katoni haijafungwa.